Taa za nje ya nyumba: kwa nini niling'oa zile kali nilizofunga mwenyewe

#1 Mwembe wa Goba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu nimesoma nyuzi nyingi za watu wanaomalizia nyumba: vigae gani, rangi ipi ya nje, geti la muundo gani. Taa za nje sioni zikijadiliwa. Kwa wengi wetu ni kazi ya mwisho kabisa. Fundi amebakiwa na waya kidogo, anakuuliza "bosi, huku nje tunaweka ngapi?", unamjibu weka moja kila kona, mmemalizana. Mimi nilifanya hivyohivyo, na miaka miwili baadaye nikang'oa karibu zote. Uzi huu nauleta hasa kwa yule ambaye bado hajapiga plasta ya nje, maana yeye ndiye ataokoa pesa nyingi zaidi.

Nyumba yangu ipo Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko. Kutoka getini kupanda hadi barazani kuna ngazi 11. Kushoto kuna mwembe niliokuta kiwanjani na nikakataa usikatwe, kulia kuna ukuta wa uzio. Mwaka 2021 jirani mmoja alivunjiwa usiku, mtaa mzima tukaingiwa na hofu. Wiki hiyohiyo nikanunua taa sita za fladi, zile bapa za mraba, kila moja wati 50, nikazifunga juu chini ya paa zikitazama nje. Mwanga mweupe kabisa, kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikiwa kubwa ndivyo unavyozidi weupe). Ukiwasha, unasoma gazeti uwanjani. Nikaona kazi imekwisha.

Kwanza ikaja gharama ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Piga hesabu: taa sita za wati 50 ni wati 300. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni uniti 3.6 kwa usiku mmoja, uniti 108 kwa mwezi. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ya hadi uniti 75 kwa mwezi, kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi. Taa za nje peke yake zikanivusha. Nikajikuta nanunua umeme wa tarifu ya kawaida, ambao ukijumlisha kodi na tozo uniti moja ilikuwa kama shilingi 356. Nilikuwa nalipa zaidi ya 38,000 kwa mwezi kumulika mchanga.

La pili nililigundua kwa mlinzi. Aliniambia akikaa barazani haoni chochote nje ya geti. Nikaenda kukaa kwenye kiti chake. Kweli, macho yakishazoea mwanga ule mkali, kila mahali mwanga usipofika panakuwa giza zito kuliko kama hakuna taa kabisa. Nyuma ya shina la mwembe palikuwa na kivuli cheusi ambacho mtu mzima angesimama na usimwone, na kivuli hicho kilitengenezwa na taa yangu.

Lililonigeuza ni mama. Alikuja kutoka kijijini, alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Tumefika usiku, nimemtangulia na begi, nageuka namwona amesimama ngazi ya tatu. Mkono mmoja ameshika ukuta, mwingine ameukinga juu ya macho kama mtu anayetazama jua. Akaniambia, "Mwanangu, zima hiyo taa nione njia." Nikazima. Akapanda ngazi zote zilizobaki kwa mwanga wa mbalamwezi na taa ya sebuleni iliyopenya dirishani.

Usiku ule sikuwasha tena. Nilikaa barazani nikatazama uwanja wangu kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Nikaelewa kwamba nilikuwa namulika macho ya watu. Taa ya nje inatakiwa imulike kitu: ngazi, ukuta, mti, kitasa cha mlango. Balbu yenyewe mtu asiione kabisa. Ukisimama getini ukaona chanzo cha mwanga kabla ya kuona nyumba, taa hiyo imekaa vibaya hata kama imenunuliwa kwa bei kubwa.

Kabla ya kununua chochote kipya tulifanya jaribio ambalo namsihi kila mtu alifanye, halina gharama. Nilichukua tochi mbili za kuchaji. Mke wangu akawa anazishika kwenye sehemu mbalimbali, mimi nimesimama getini, tunaelekezana kwa simu: sogea kushoto, inamisha, rudi nyuma hatua moja. Usiku tatu tulifanya hivyo, baada ya watoto kulala.

Kwenye mwembe, tochi moja ikielekezwa juu kutoka chini ilifanya mti uonekane bapa, kama umekatwa kwenye karatasi. Tulipoweka mbili, moja kila upande wa shina na moja mbali kidogo kuliko nyingine, mti ukapata unene. Gamba la shina likajitokeza na mifereji yake, halafu mwanga ukapanda ukagusa majani kwa chini, yale yanayotazama ardhi, ambayo mchana huyaoni. Mke wangu aliacha kushika tochi akaja kusimama nami getini kuangalia, tukaziegemeza kwenye matofali.

Kwenye ukuta wa mbele nimebandika mawe ya urembo. Tochi ikiwa karibu sana na ukuta, kama shubiri moja, ikitazama juu, kila jiwe linatupa kivuli chake na ukuta unapata uhai. Nikasema basi nitafanya hivyohivyo ukuta wa pembeni, ambao ni plasta na rangi. Wakuu, plasta yangu nilikuwa naiona safi. Ule mwanga wa kuparaza ulionyesha kila mahali mwiko ulipopita, mabonde na vilima, hadi kiraka tulichoziba mahali jukwaa la mafundi lilipochomekwa. Tukairudisha tochi nyuma futi mbili na nusu, mwanga ukaanza kupiga ukuta kwa mbele badala ya kuuparaza, mawimbi yote yakapotea. Kwa hiyo ukuta wa mawe, tofali la kuchoma au matumbawe unasogelewa. Ukuta wa plasta unakaa nao mbali, isipokuwa una uhakika sana na fundi wako.

Nilichofunga mwishoni ni hiki. Ngazi: taa tano za wati 3, zimezama kwenye ukuta wa pembeni kimo cha sentimita 30 hivi, zinatazama chini tu, moja kila baada ya ngazi moja. Mwembe: mbili za wati 7, za kuchomeka ardhini. Ukuta wa mawe: tatu za wati 5. Baraza: mbili za wati 7 zilizozama kwenye dari, siyo ile moja ya katikati inayoning'inia. Geti: moja ya wati 7. Jumla wati 65, zote mwanga wa njano, kwenye boksi imeandikwa 3000K. Ikifika saa 5 usiku taima inazima mwembe, ukuta na baraza. Zinabaki ngazi na geti hadi asubuhi, wati 22. Kwa mwezi hazifiki uniti 15. Taima ya kawaida inatosha kwa sababu huku kwetu jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, huna haja ya kuirekebisha kila mara.

Zile za fladi nimebakiza mbili nyuma ya nyumba, zimeinamishwa zitazame chini, na zina sensa, kile kifaa kinachowasha taa mtu akipita. Nne niliwapa watu wa kanisani, wanazitumia uwanjani kwenye mkesha.

Naomba mafundi na wenye uzoefu mwongeze. Mimi si fundi umeme, ni mwenye nyumba tu.

#2 Waya Hai

Mkuu nimekusoma vizuri, mimi ni fundi umeme na ningetamani kila mteja wangu apitie uzi huu kabla hajanipigia. Naongeza upande wa usalama, maana umeme wa nje unakutana na maji, jembe na miguu ya watoto.

Angalia alama ya IP na tarakimu mbili zinazofuata. Ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji. Taa ya barazani iliyo chini ya paa, IP44 inatosha. Inayopigwa na mvua moja kwa moja, usiende chini ya IP65. Inayozama ardhini iwe IP67, kwa sababu mvua za masika zikituama pale taa inakaa ndani ya maji. Ila nimeona mara nyingi taa ni IP67 halali, halafu fundi ameunga waya kwa selotepu akafukia. Maji hayapiti kwenye taa, yanapita kwenye maungio. Tumia boksi la maungio la kuzuia maji, na ukiweza leta maungio yote juu ya ardhi.

Saketi ya nje iwe na breka yake peke yake na iwe nyuma ya RCD ya miliampia 30. Kifaa hicho kinahisi umeme unaovuja kwenda ardhini na kukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla haujamdhuru mtu. Waya wa kawaida wa nyumbani usifukiwe mtupu. Pitisha ndani ya bomba, au tumia kebo ya ardhini yenye waya wa chuma ndani ya ganda, kina cha futi moja na nusu hadi mbili, na juu yake tandika utepe wa tahadhari ili atakayechimba kesho ajue. Na tafadhali mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, umwombe akuonyeshe.

Kwa bustani napendelea taa za volti 12. Mtoto akikata waya kwa jembe hadhuriki. Kasoro yake ni umeme kupungua njiani. Taa za jumla ya wati 60 kwa volti 12 zinavuta ampia 5. Ukizilisha kwa waya wa milimita 1.5 umbali wa mita 20, unapoteza zaidi ya volti 2, taa za mwisho zinapata chini ya volti 10 na zinakuwa hafifu kuliko za mwanzo. Tumia waya wa milimita 4, au sogeza transfoma karibu na taa.

#3 Dada wa Tabata

Kaka Mwembe ubarikiwe. Hapo kwa mama nimeguswa sana, mama yangu naye ana shida ya macho na sikuwahi kufikiria kwamba taa inaweza kumzuia kuona.

Swali langu. Sina uwezo wa kufukua uwanja sasa hivi. Nimeona taa za sola zimeandikwa 300W kwa bei nafuu sana. Zinafaa? Nilinunua moja mwaka jana, wiki mbili za mwanzo ilikuwa vizuri, sasa ikifika saa 3 usiku imezima.

#4 Mwembe wa Goba

Dada, pole. Hilo nililifuatilia kwa sababu na mimi nilishawishika. Usisome namba iliyoandikwa, tazama ukubwa wa paneli. Paneli nzuri ya mita moja ya mraba inatoa kama wati 200 jua likiwa utosini. Paneli ya ukubwa wa karatasi ya A4 haiwezi kuzidi wati 12 hivi. Chukua saa tano za jua zuri kwa siku, unapata kama wati-saa 60, toa zinazopotea kwenye betri, zinabaki 40 na ushee. Ukitaka iwake usiku kucha, saa 12, unapata taa ya wati 3 au 4. Sasa hiyo 300W ingetoka wapi?

Lakini wati 3 za LED ni kama lumeni 300, na kwa ngazi au njia ya kuingilia zinatosha kabisa. Shida ni pale taa inapojilazimisha kuwaka kali saa mbili za mwanzo kisha betri inakwisha. Tafuta ambayo ina kiwango cha chini cha mwanga na sensa ya kuongeza mtu akipita. Uliza betri ni aina gani. Zile za lithiamu fosfeti, zimeandikwa 3.2V, zinadumu zaidi. Na paneli uifute vumbi kila wiki, vumbi la Tabata kiangazi linakula umeme wako.

#5 Mbagala Rangi Tatu

Mkuu Mwembe, naheshimu ulichoandika ila kwenye usalama sikubaliani na wewe. Huku kwetu mwizi anaogopa mwanga. Nyumba yenye giza ndiyo anaanza nayo. Mimi nyumba yangu inawaka kama mchana, tangu nimehamia 2017 sijaguswa, na sina mpango wa kupunguza hata taa moja. Mambo ya kupamba mti ni ya watu wenye ulinzi wa kampuni.

#6 Mwembe wa Goba

Kaka Mbagala, sijasema watu wakae gizani. Nimekaa kwenye hofu hiyohiyo unayoizungumzia, ndiyo iliyonifanya ninunue zile taa sita. Ninachosema ni kwamba mwanga unamsaidia yule anayeweza kuona. Leo usiku simama nje ya geti lako, mahali ambapo mwizi angesimama, uangalie ndani kwa dakika mbili. Kisha ingia ndani, kaa dirishani, uangalie nje. Nani anamwona mwenzake?

Taa iliyo juu sana inamulika kofia na mabega, uso unabaki kwenye kivuli. Ndiyo maana ya kwangu ya getini nimeiweka pembeni, kimo cha juu kidogo ya kichwa, mtu akigonga kengele namwona sura kwenye kamera. Kamera yangu ya zamani ilikuwa inaonyesha doa jeupe tu kwa sababu taa ya fladi ilikuwa inaipiga usoni.

Sehemu za nyuma nimetegemea sensa. Taa inayowaka usiku kucha watu wanaizoea, lakini iliyozimwa ikiwaka ghafla, mlinzi anageuka, mbwa anabweka, na mimi nikiwa kitandani naona mwanga umebadilika dirishani. Sensa hizi zinahisi joto linalotembea, na zinashika vizuri zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja. Kwa hiyo usiielekeze kwenye uchochoro kwa urefu wake. Ifunge ili anayepita akatize.

#7 Jirani Mwema

Naomba na mimi niseme. Mimi ndiye jirani wa mtu mwenye taa kama ulizokuwa nazo. Taa yake ya pembeni inaingia moja kwa moja chumba cha wanangu. Tumeweka pazia zito, ukizima taa ya ndani bado unaona mstari mweupe ukutani na kivuli cha nondo za dirisha. Mtoto wa miaka minne hakubali kulala upande ule. Mwanga mweupe wenye bluu nyingi unauambia mwili kwamba bado ni mchana, usingizi unachelewa.

Nimeogopa kumwambia kwa sababu ni mtu mzima na tunaheshimiana. Uzi huu nitamtumia.

#8 Mwembe wa Goba

Jirani Mwema, usimtumie uzi, mwite kwako. Mkaribishe chai saa 2 usiku, mpeleke chumba cha watoto, zima taa ya ndani, mwache aone mwenyewe. Mimi jirani yangu aliniita hivyo na nilishtuka, sikujua kabisa. Kuinamisha taa kwa nyuzi chache ni kazi ya spana na dakika tano. Ikishindikana, kipande cha bati kilichokunjwa kikifungwa pembeni ya taa kinazuia.

#9 Mie wa Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie naishi Mji Mkongwe, nyumba ya urithi, kwa hivyo siwezi kutoboa kuta ovyo, tena ni ukuta wa mawe na chokaa. Nitasema la mlango tu.

Mwenye mlango wa nakshi, taa aiweke juu, karibu na kizingiti, iteremke chini kwa mwanga mwembamba. Zile nakshi zimechongwa kwa kina, mwanga ukija kutoka juu kila jani na kila mnyororo unatia kivuli chake chini, unauona mkono wa seremala. Watu wanaweka taa mbele, mlango mzima unawaka sawasawa, nakshi imekufa, unaona mbao tu na misumari ya shaba inayong'aa kama macho. Tumejaribu yote mawili kwenye mlango wa babu yetu.

La pili ni chumvi. Huku taa ya chuma iliyopakwa rangi haimalizi mwaka, inaanza kumenyuka kwenye parafujo, kisha maji yanaingia. Shaba inabadilika rangi lakini hailiki. Chuma cha pua kiwe kile cha daraja la 316, cha chini yake kinapata madoa ya kutu mbele ya bahari. Hata plastiki nzuri ni bora kuliko chuma rahisi. Na parafujo nazo zibadilishwe, wengi wananunua taa nzuri inayoshikwa na parafujo za kutu.

#10 Stima Mombasa

Salaam kutoka Mombasa. Mie wa Unguja amesema kweli kuhusu chumvi, hapa Nyali ni hivyo hivyo. Mimi naongeza wadudu.

Mvua zikianza, kumbikumbi wanajaa kwenye taa nyeupe mpaka asubuhi unafagia mabawa kwa ndoo. Tulipobadilisha taa za veranda kutoka nyeupe hadi za njano, walipungua sana, kwa sababu wadudu wengi wanavutwa na mwanga wa bluu na ule wa urujuani usioonekana na macho yetu. Ukitaka kula nje bila usumbufu, weka taa yenye nguvu zaidi mbali, huko kando ya uzio, ile ya mezani iwe hafifu na ya njano. Wadudu watakwenda kule.

Lakini msidanganywe kwamba taa ya njano inafukuza mbu. Mbu anafuata pumzi yako na harufu ya mwili, hajali sana taa. Chandarua na kumwaga maji yaliyotuama vibaki palepale.

Na wale wadudu wembamba wa rangi nyeusi na machungwa wanaounguza ngozi, nao hufuata taa usiku. Akikutua usimponde, mpulize aondoke, kisha osha kwa sabuni. Sumu yake inatoka akipondwa. Msiweke taa kali juu ya mlango wa chumba cha kulala, wanaanguka kitandani.

#11 Kigamboni Kusini

Mimi nina kiwanja karibu na ufukwe, kule ambako kasa wanapanda kutaga. Naandika hapa kwa sababu watu wengi wanajenga sasa upande wetu na hakuna anayewaambia.

Vifaranga wa kasa wanatoka kwenye mchanga usiku na wanakimbilia upande wenye mwanga zaidi chini ya anga. Tangu enzi upande huo ni bahari, kwa sababu maji yanaakisi nyota na mwezi, na nchi kavu ina kivuli cha miti. Ukiweka taa za fladi zinazotazama ufukweni, unawageuza. Mwaka juzi asubuhi niliona michirizi yao mchangani, midogo kama alama za zipu, imetoka kwenye kiota ikaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyumba moja yenye taa kali. Chini ya ukuta nilikuta wanane, wamekauka. Wawili walikuwa bado wanatikisa mapezi, niliwapeleka majini ndani ya kofia yangu.

Nilichofanya kwangu: upande wa bahari hakuna taa inayoonekana kutoka mchangani. Za njia ziko chini ya goti, zina kofia, na rangi yake ni ya kaharabu inayoelekea nyekundu, ambayo kasa hawaisumbukii sana. Mapazia ya madirisha ya bahari tunayafunga jioni. Nyumba bado ni nzuri usiku, wageni wanaisifia, na nyota tunaziona.

#12 Mwembe wa Goba

Kigamboni Kusini, asante sana kwa hili. Sikulijua na naona lilistahili kuwa juu kabisa ya uzi. Wenye viwanja ufukweni popote mlipo, Pangani, Mafia, Kilwa, mlisome.

#13 Mbagala Rangi Tatu

Mkuu, nimefanya ulivyoniambia. Nimesimama nje ya geti dakika mbili. Nimemwona mke wangu sebuleni, nimeona televisheni iko chaneli gani. Kisha nimeingia ndani nikamwambia kijana wangu asimame nje pale pale, sikumwona mpaka alipowasha simu. Bado naamini mwanga unasaidia. Ila kesho namwita fundi aziinamishe zote, na mbili za nyuma aweke sensa. Waya Hai, kuna aina unayoiamini?

#14 Waya Hai

Kaka, badala ya jina nitakupa cha kuangalia. Iwe na vitufe vitatu vya kurekebisha: muda wa kuwaka, umbali, na kiwango cha giza. Isiyo na cha umbali itawaka kila paka na kila tawi likitikisika, mwisho utaichoka utaizima. Ifungwe kimo cha mita 2 hadi 2.5, isitazame kiyoyozi wala jiko la mkaa, joto lake linaichanganya.

#15 Dada wa Tabata

Narudi na mrejesho. Leo nimejaribu tochi na binti yangu wa darasa la sita. Ukuta wetu ni plasta, kweli una mawimbi, hatutausogelea. Lakini tuna mwarobaini mdogo kando ya mlango, bado haujafika kimo cha paa. Tulipoweka tochi nyuma yake ikitazama ukutani, mti wenyewe ukawa mweusi na majani yake yote madogo yakaonekana kama yamechorwa kwenye ukuta wa krimu. Mama alitoka nje kwa fimbo yake akauliza kuna nini. Alikaa kwenye mkeka pale nje zaidi ya nusu saa.

Nitaanza na hiyo moja na mbili za sola za ngazi. Fundi anakuja Jumamosi. Kuna cha kumwambia kuhusu huo mti?

#16 Mwembe wa Goba

Dada, hapo umeona kitu ambacho mimi sikukijaribu, na sasa ninakwenda kukijaribu kwenye mkomamanga wangu. Kwa kuwa mwanga unapiga ukuta kwa mbele, hata mawimbi ya plasta hayatajitokeza sana. Mwambie fundi asiifunge taa kwa zege. Iwe ya kuchomeka, na aache mita moja na nusu ya waya wa akiba, aukunje ndani ya bomba karibu na shina. Mwarobaini unakua haraka, msimu ujao itabidi uirudishe nyuma.